Mshono hujengwa jikoni: mwongozo kamili wa chakula na vidonge vya lishe baada ya upasuaji wa utumbo

Juu ya kabati dogo la kando ya kitanda palikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake nilihesabu makopo matano: vitamini C ya miligramu 1000, zinki, mafuta ya samaki, unga wa mlonge, na kopo kubwa la unga wa protini lenye picha ya mwanamume mwenye kifua kama mlango. Mgonjwa mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Taifodi ilimtoboa utumbo, akakatwa kipande, na hiyo ilikuwa siku ya sita tangu atoke chumba cha upasuaji. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Shikamoo mama. Leo amekula nini?"

"Marahaba, daktari. Uji." (Mimi ni afisa lishe, ila wodini kila mwenye koti jeupe ni daktari.)

"Na jana?"

"Uji."

"Mmeweka nini ndani?"

"Sembe na sukari kidogo. Tuliambiwa tumbo lisichoshwe."

Makopo yale yaliigharimu familia zaidi ya laki moja na nusu, na hakuna hata moja lililokuwa limefunguliwa. Walikuwa wanasubiri apate nguvu kwanza ndipo aanze kuyatumia.

Kikombe cha mililita 300 cha uji mwepesi wa sembe kina protini gramu 2 au 3. Vikombe vitano kwa siku havizidi gramu 15, na kijana yule alihitaji kama 80. Ukinunua makopo kabla ya kuziba pengo hilo, umenunua rangi wakati nyumba haina matofali. Kwa hiyo tutaanza na matofali, vidonge baadaye.

Mshono unavyofunga

Aliyepasuliwa utumbo ana vidonda viwili: unaouona juu ya tumbo, na ule wa ndani pale vipande viwili vya utumbo vilipounganishwa. Uzi wa daktari hushikilia tu. Kazi ya kuunga hufanywa na mwili wenyewe kwa kufuma nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Siku chache za mwanzo mwili unasafisha: panavimba, panauma, panakuwa na joto. Kuanzia kama siku ya nne ufumaji unaanza kwa kasi. Hata hivyo, ikifika wiki ya tatu ngozi ile bado haijarudisha hata theluthi moja ya nguvu yake, na hata baada ya mwaka huishia karibu asilimia 80. Ndiyo maana mtu anayejisikia mzima mwezi wa kwanza bado hatakiwi kubeba ndoo ya lita 20.

Kolajeni haifumwi bila vitamini C. Daktari kijana wa upasuaji huko Boston, Marekani, jina lake John Crandon, alilithibitisha hilo kwenye mwili wake. Alikaa miezi akila chakula kisicho na vitamini C kabisa. Baada ya miezi mitatu wenzake walimchana kidogo mgongoni, kidonda kikapona kama kawaida. Walipomchana tena mwezi wa sita, kidonda hakikuungana. Alipopewa vitamini C, siku kumi baadaye kilikuwa kinapona vizuri. Taarifa ilichapishwa mwaka 1940. Wauza makopo hupenda nusu ya pili ya kisa hiki. Mimi huwakumbusha watu nusu ya kwanza: miezi mitatu bila vitamini hiyo, na bado mwili ulikuwa na akiba ya kuunga kidonda. Anayekula pera moja kwa siku hana shida ya Crandon.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka hospitali, pata majibu manne

Muulize daktari aliyepasua, na uandike kwenye daftari la kliniki:

Ni sehemu gani ya utumbo iliyokatwa, mwembamba au mpana, na urefu gani? Je, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, inapokutana na utumbo mpana, imeondolewa? Kuna mfuko wa choo tumboni (utumbo umetolewa nje kwa tundu, choo kinaingia kwenye mfuko), na umetoka kwenye utumbo upi? Dawa anazoendelea nazo ni zipi, na kwa siku ngapi?

Majibu haya ndiyo yanayoamua nusu ya mambo yaliyo hapa chini. Kwa bahati mbaya familia nyingi hutoka na jibu moja tu, "alipasuliwa tumbo," na miaka mitatu baadaye hakuna anayekumbuka kilichotolewa.

Hatua ya 2: Kuanza kula

Zamani mgonjwa hakupewa kitu hadi ajambe. Muuguzi anapita asubuhi, "umeshatoa hewa?", mgonjwa anaangalia ukutani kwa aibu na wakwe wamesimama pale. Tangu miaka ya 1990, kazi iliyoanzishwa na daktari Henrik Kehlet wa Denmark imebadilisha mambo hayo. Leo wagonjwa wengi wa upasuaji wa utumbo huruhusiwa kunywa na kula kidogo kidogo ndani ya siku moja au mbili, na utumbo unaotumiwa mapema huamka mapema. Lakini upasuaji wa kupangwa si sawa na utumbo uliotoboka na tumbo kujaa usaha. Ruhusa ni ya daktari aliyeuona utumbo huo kwa macho yake. Usimpenyezee mgonjwa supu usiku kwa huruma.

Akiruhusiwa, anza na vijiko vichache vya maji, chai nyepesi, supu iliyochujwa. Akivumilia bila kutapika wala tumbo kujaa, nenda kwenye uji uliokolezwa, mtindi, viazi vilivyopondwa, yai laini, mtori. Kila baada ya saa mbili au tatu, kidogo.

Kuna kundi moja la kwenda nalo taratibu: aliyekaa siku tano au zaidi bila chakula cha maana, au aliyekonda sana kabla ya kupasuliwa. Ukimjaza chakula kingi ghafla, madini ya potasiamu, fosfeti na magneziamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Huyu hulishwa kwa kiasi kidogo kinachopandishwa siku hadi siku akiwa bado wodini, anapimwa damu, na hupewa vitamini B1 kabla. Familia inayotaka arudishe mwili wiki hiyo hiyo ndiyo inayomweka hatarini.

Hatua ya 3: Hesabu protini

Kipimo ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe kipimo hiki kabla ya kuongea na daktari wake.

Hesabu za jikoni ziko hivi. Yai moja gramu 6. Kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8. Kipande cha samaki, kuku au nyama kilichopikwa, ukubwa wa kiganja bila vidole, gramu 20 au zaidi. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga gramu 4. Vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga gramu 4. Kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, ila maharage yasubiri wiki za mwanzo zipite. Dagaa wakavu ndio mabingwa wa bei: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Watoe vichwa, waoshe mchanga kwa maji ya moto, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, wasage wawe unga, uchekeche. Kijiko kikubwa kwenye supu au viazi vya kuponda hakibadilishi ladha sana. Kwenye uji wa sukari usithubutu. Nimeona uso wa mgonjwa aliyefanyiwa hivyo.

Siku ya mtu wa kilo 60 anayekula tayari vyakula laini inaweza kwenda hivi. Saa 2 asubuhi, uji wenye vijiko viwili vya maziwa ya unga na kimoja cha siagi ya karanga: gramu 10. Saa 4, mayai mawili ya kuchemsha: 12. Saa 6 mchana, wali laini na samaki wa ukubwa wa kiganja, mchicha uliopondwa, papai: 24. Saa 10 jioni, kikombe cha mtindi: 8. Saa 1 usiku, mtori wenye nyama iliyosagwa: 18. Saa 3 usiku, kikombe cha maziwa: 8. Jumla gramu 80, bila kopo hata moja.

Usisahau nguvu. Mwili ukikosa wanga na mafuta unachoma hiyo hiyo protini uliyoihangaikia. Kipimo ni kalori 25 hadi 30 kwa kilo, yaani 1500 hadi 1800 kwa mtu wetu. Kijiko kikubwa cha mafuta ndani ya mtori kinaongeza kama 120 bila kujaza tumbo, na parachichi husaidia vile vile. Mwenye kisukari apunguze sukari ya uji, aongeze mafuta na protini. Sukari ikiwa juu kwenye damu, mshono hauungi vizuri na usaha hupata nafasi.

Halafu kuna mdomo. Dawa ya metronidazoli, ambayo karibu kila aliyepasuliwa utumbo hupewa, huacha ladha ya chuma mdomoni. Mgonjwa husukuma sahani, mke anadhani amepika vibaya. Asukutue kabla ya kula, mkamulie ndimu kwenye supu, mpe chakula kikiwa vuguvugu badala ya moto. Na asinywe pombe akiwa kwenye dawa hiyo.

Hatua ya 4: Vya kuepuka wiki za mwanzo

Kwa wiki nne hadi sita hivi, au kama daktari atakavyosema, chakula kiwe kisicho na makapi mengi. Mahindi ya kuchoma, makande, maharage na maganda yake, kisamvu chenye nyuzi, karanga nzima, nazi ya kutafuna na ngozi nyeupe ya chungwa visubiri. Chungwa likamuliwe, embe lisagwe na kuchujwa, nyanya zimenywe. Baada ya hapo rudisha kimoja kimoja.

Mayai na samaki, ambavyo mara nyingi nasikia bibi fulani amevikataza kwa kuwa "vinaleta usaha", si vya kuepuka. Usaha huletwa na vijidudu. Mkatalie bibi kwa adabu.

Hatua ya 5: Vidonge, kimoja kimoja

Sasa ndiyo tufungue mfuko wa plastiki. Kanuni yangu ni kwamba kila kidonge kiwe na sababu, saa ya kumezwa, na siku ya kuachwa. Kikikosa kimojawapo, kirudi dukani.

Zinki. Mwili huitumia kutengeneza chembe mpya, na hupotea kwa wingi mgonjwa anapoharisha, anapokuwa na mfuko unaotoa majimaji mengi, au utumbo unapovuja kwa tundu lisiloziba. Watu hao zinki huwasaidia. Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 8 hadi 11 kwa siku, na kikomo ni 40 asipoelekezwa zaidi na daktari. Kidonge cha miligramu 20, kile kile ambacho akina mama wanakijua kwa watoto wanaoharisha, kinatosha kwa wiki mbili hivi. Akizidisha kwa miezi, madini ya shaba hupungua mwilini na damu hupungua nayo. Amezapo na chakula hatapata kichefuchefu.

Hapa nitasimama kidogo, maana kosa hili nakutana nalo kila mara. Wengi hutoka wodini na siprofloksasini. Dawa hii ikikutana na zinki, chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia tumboni, inashikana nayo na kupita bila kuingia kwenye damu. Mgonjwa anameza dawa ya maambukizi na maambukizi yanabaki. Dawa hiyo imezwe angalau saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baada yake. Isishushwe kwa maziwa wala mtindi. Acha saa mbili katikati. Angalia tena ratiba ya hatua ya 3: siprofloksasini ikimezwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, uji wa maziwa wa saa 2, mtindi wa saa 10 na maziwa ya saa 3 usiku vinapata nafasi yake, na zinki inamezwa saa 6 mchana pamoja na samaki. Sikupanga saa zile kwa bahati.

Vitamini C. Mahitaji ya kila siku ni miligramu 75 hadi 90, na kidonda huongeza kiasi. Pera la gramu 100 lina zaidi ya 200. Lisage na uchuje mbegu. Papai la uzito huo lina kama 60. Juisi ya ubuyu nayo ni tajiri, mradi usiuchemshe, maana moto unaiua vitamini hiyo. Asiyeweza kula matunda kabisa, au mvutaji sigara, anaweza kutumia kidonge kwa wiki chache. Ukipita miligramu 2000 kwa siku unanunua kuharisha, na mwenye historia ya mawe kwenye figo awe mbali zaidi na dozi kubwa.

Chuma. Kipimo cha damu kwanza. Vidonge vya kuongeza damu hufunga choo, jambo baya kwa utumbo mpya, na huleta choo cheusi kinachotisha watu. Choo cha vidonge ni cheusi cha kawaida. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vikali ni damu, rudi hospitali. Maambukizi yakiwa bado makali, madaktari wengi husubiri kwanza. Ukianza, chai isinyweke na vidonge wala na mlo. Iachie saa moja au mbili.

Vitamini A haina haja ya kununuliwa. Viazi lishe, boga, karoti, embe na mawese mekundu vinatosha. Anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu amuulize daktari, kwa kuwa dawa hiyo huchelewesha kupona na wakati mwingine vitamini A huongezwa kwa muda mfupi. Mjamzito asiguse vidonge vyake bila ushauri, na asile maini kila siku.

Unga wa protini si bure kabisa. Kwa mtu ambaye tumbo linajaa baada ya vijiko vitano, kipimo chenye gramu 20 hadi 25 ni sawa na mayai manne ndani ya kikombe kimoja. Geuza kopo nyuma usome: protini ngapi kwa kipimo, sukari ngapi. Yale ya kunenepesha wanyanyua vyuma mara nyingi ni sukari yenye protini ya kupaka. Kisha gawanya bei kwa gramu, ulinganishe na trei ya mayai.

Mafuta ya samaki, kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, si ya kuchukulia kirahisi. Mlonge ni mboga nzuri ukiipika, lakini unga wake hauzibi tundu la utumbo. Shubiri ya kunywa huendesha. Wachia hapo.

Hatua ya 6: Mwenye mfuko tumboni

Mfuko uliotoka kwenye utumbo mpana hausumbui sana lishe. Ule wa utumbo mwembamba hutoa maji na chumvi, na mwenye nao huweza kukaukiwa ndani ya siku moja ya joto la Dar es Salaam. Ukijaza zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, piga simu wodini. Kosa la kawaida ni kumpa maji matupu mengi: yanapita na kuondoka na chumvi zaidi. Mpe ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Wali, ugali laini, viazi na ndizi mbivu hufanya kinachotoka kiwe kizito. Bisi, mahindi, uyoga na vipande vya nazi huweza kuziba tundu kabisa.

Hatua ya 7: Dalili ambazo chakula hakitibu

Maungio ya ndani yakivuja, mara nyingi ni kati ya siku ya 3 na ya 10: homa, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa na kuuma zaidi ya jana. Rudi usiku huo huo. Mshono wa juu ukianza ghafla kutoa majimaji ya rangi ya damu iliyozimuliwa, hasa siku ya 5 hadi ya 8, tabaka la ndani huenda limeachia. Utumbo ukitokeza nje, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi ya chumvi, usiurudishe, usimpe chochote mdomoni, nendeni. Wekundu unaotambaa, usaha na harufu ni vya kuonyeshwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Miaka mitatu mbele

Vitamini B12 hufyonzwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na huko huko ndiko taifodi hupenda kutoboa. Aliyeondolewa zaidi ya sentimita 60 za hapo atahitaji B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu. Hata aliyeondolewa 20 anapaswa kupimwa. Tatizo ni kwamba ini lina akiba ya miaka kadhaa. Mtu anapona, anarudi shambani, anaoa. Kisha nyayo zinaanza kufa ganzi, anatembea kama aliyelewa, anachoka, na hakuna anayeunganisha hilo na kovu la tumboni. Ganzi ikikaa muda mrefu hairudi yote hata akichomwa sindano.

Kwa kijana yule wa makopo, mama yake aliombwa aulize. Zilikuwa sentimita 45. Tuliandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la ndani la daftari: "Mwisho wa utumbo mwembamba sm 45 umeondolewa, apimwe B12 kila mwaka." Unga wa protini tuliufungua siku hiyo hiyo, ukaingia kwenye uji. Vitamini C na mafuta ya samaki mama alivirudisha duka la dawa, akabishana nao nusu saa, akatoka na trei mbili za mayai ya kienyeji na chenji.